Bahasha Nyembamba

Tarishi alikuwa akipita Mtaa wa Fenwick saa nane mchana, na tangu mazishi Earlene Pettway hakuweza kusikia kifuniko cha sanduku la barua kikigonga ukuta bila kushtuka. Bili hazikumtisha, alizizoea. Kilichomshtua ni vijitabu vya vyuo. Vilikuja vitatu, vinne, siku nyingine saba kwa mpigo, vya karatasi ya kung'aa, vyenye picha za vijana waliokaa kwenye nyasi wakicheka, na juu ya kila kimoja limepigwa chapa jina la mwanawe: Marlon T. Pettway.

Marlon alikuwa amefanya mtihani wa majaribio mwaka uliotangulia, akapata alama ambazo mwalimu wake alizisoma mara mbili, na jina lake likasambaa vyuoni. Hakuna aliyeviandikia vyuo hivyo kwamba mwezi wa Agosti ugonjwa wa selimundu ulimlaza hospitalini siku nne, na siku ya tano Mungu akamtwaa, akiwa na miaka kumi na saba.

Earlene hakuvitupa. Alivipanga kwenye droo ya kabati la chumba cha kulia, chini ya vitambaa vya meza vya Krismasi, kimoja juu ya kingine, hadi droo ikawa haifungi vizuri.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa. Aliletwa Toledo kutoka Alabama akiwa mtoto wa kubebwa, na miaka ishirini na miwili alikuwa amepiga pasi mashuka ya hospitali, zamu ya alfajiri hadi saa saba. Mumewe alikwenda Detroit kutafuta kazi ya magari, akaipata, na pamoja nayo akapata mke mwingine. Jumapili Earlene alivaa gauni jeupe na glavu nyeupe akasimama mlangoni mwa Kanisa la Kibaptisti la Mlima Nebo, akiwaonyesha watu viti. Alikuwa na mtoto mmoja tu. Wengine walikuwa nao wanne, watano, wakiwapoteza madukani na kuwaita kwa kipaza sauti. Yeye alikuwa na mmoja, na hakuwahi kumpoteza hata dakika moja mpaka siku ile.

Sanduku lake la barua lilipokea jina la pili pia: Renita Shaw, binti wa mdogo wake Maxine.

Maxine aliishi ng'ambo ya reli, mitaa kumi na moja kutoka hapo, na mitaa hiyo kumi na moja ilitosha kumpeleka mtoto kwenye shule ambayo walimu walikuja kwa zamu kama wageni. Shule ya mtoto ilipangwa kwa anwani ya nyumba yake. Kwa hiyo Renita alipofika darasa la sita, mama yake aliandika kwenye fomu kwamba mtoto anaishi Mtaa wa Fenwick, kwa mama yake mkubwa. Hilo halikuwa jambo geni. Nusu ya watoto wa Mlima Nebo walikuwa wakilala nyumba moja na kuishi nyingine kwa mujibu wa karatasi. Ila ilibidi barua zote za shule, na sasa za vyuo, zije kwa Earlene. Na kila Jumanne na Alhamisi Renita alishuka hapo kuzichukua, akala, akafanya kazi zake za shule kwenye meza ileile aliyokuwa akikaa na Marlon.

Zamani Earlene alipenda kuwaona wawili hao pale. Marlon ndiye aliyekuwa mbele, Renita akimfuata. Marlon akisoma hesabu za juu, Renita naye anajiandikisha. Hata kile chuo cha Mashariki, kile cha majengo ya mawe na mnara wa kengele, Marlon ndiye aliyekichagua kwanza. Aliibandika picha ya mnara ule juu ya kitanda chake akiwa na miaka kumi na minne. Na sasa Renita alikuwa ameomba nafasi kwenye chuo hichohicho, kama mtu aonaye koti limeachwa kitini akalivaa.

"Anamfanyia Marlon heshima," alisema Maxine.

Earlene alijibu, "Ndiyo," akaendelea kumenya viazi vitamu.

Kanisani palikuwa na ubao wa wanafunzi wanaomaliza sekondari, karibu kabisa na mlango anaposimama Earlene. Mwaka ule zilibandikwa picha kumi. Ya kumi na moja iliondolewa mwezi wa Septemba na mkono wenye nia njema, lakini matundu manne ya pini yalibaki, na pembeni yake Renita alikuwa akitabasamu na meno yake yote. Chini ya kila picha palikuwa na nafasi ya kubandika jina la chuo. Kila Jumapili Earlene alisimama kwa saa mbili akiyatazama matundu manne na meno yale. Aliomba. Aliomba sana kuhusu jambo hilo, akiwa amefumba macho, na akifumbua, meno yalikuwa palepale.

Mlima Nebo walijua mambo ya vyuo kama wakulima wanavyojua mawingu. Bahasha nene, umeingia, maana ndani mna fomu za bweni, fomu za daktari, ramani. Bahasha nyembamba, pole, maana neno "hapana" hutosha kwenye karatasi moja. Mwaka uliopita mjukuu wa Shemasi Gaither alipata nyembamba tatu mfululizo, na familia nzima ikakosa ibada wiki mbili kwa homa ambayo daktari hakuisikia. Na bahasha hizo zilikuja Aprili, si kabla.

Kwa hiyo Jumatatu moja ya Februari, mwaka 1998, Earlene alipotoa barua sandukuni na kukuta bahasha ya chuo kile cha Mashariki, imeandikwa kwa Renita, nyembamba kama bili ya maji, hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Aliinyanyua akaitazama dhidi ya taa ya jikoni. Karatasi moja. Na mapema hivyo. Hawakungoja hata Aprili kumkataa, masikini.

Akajikuta anatabasamu.

Alijiona kwenye kioo cha dirisha, tabasamu lile likiwa usoni mwake, akaliondoa haraka kama mtu anayefuta masizi. Lakini kifuani kitu kilikuwa kimelegea ambacho kilikuwa kimekazwa tangu Agosti. Alivuta pumzi ikafika chini kabisa. Usiku ule alilala kwa saa nane nzima bila kuamka.

Hakumpa Renita barua ile Jumanne. Alijiambia ni huruma. Mtoto alikuwa na mtihani wa kemia Jumatano; kwa nini umvunje moyo? Aliitia barua kwenye droo, juu ya vijitabu vya Marlon, akaisukuma droo kwa nyonga mpaka ikafunga. Kisha akapika.

Na hapa ndipo alipojishangaa mwenyewe: wiki ile alimpenda yule mtoto. Ilikuwa miezi sita hajaweza kumtazama vizuri, na sasa alimkaangia kuku, akampikia makaroni na jibini kwa sahani ya udongo, ile ya sikukuu, akampa na kipande cha keki cha kwenda nacho.

"Mama Mkubwa, leo nani kazaliwa?" Renita aliuliza, mdomo umejaa.

"Mtu hawezi kula bila mwenye siku ya kuzaliwa?"

"Kwa mama yangu hawezi. Kwa mama yangu ukila makaroni Jumanne, ujue kuna mgeni au kuna msiba."

Wakacheka wote wawili, halafu neno lile la mwisho likakaa mezani kati yao. Renita akainamisha macho.

"Samahani, Mama Mkubwa."

"Kula, mwanangu. Kitapoa."

Alimhurumia, na huruma ilikuwa tamu. Mtu aliyepoteza anaweza kumpenda mwenzake aliyepoteza.

Alhamisi Renita alikuja na jambo. Chuo kimoja cha hapohapo jimboni, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi, kilikuwa kimempa ufadhili kamili: masomo, chakula na kitanda. Lakini kilitaka saini yake kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe ishirini. Akisaini amefungwa, lazima aviandikie vyuo vingine kwamba ameondoa ombi lake. Asiposaini, nafasi inapewa mwingine.

"Na wale wa Mashariki hawajibu mpaka Aprili," alisema, akizungusha kalamu mezani. "Nikiwangoja na wakanikataa, nimekosa huku na huku. Mama anasema nisaini. Mshauri wa shule anasema niombe Mungu. Kama wangenipa hata dalili, Mama Mkubwa. Dalili tu. Ningengoja."

Droo ilikuwa nyuma ya kiti chake, nusu hatua.

"Ndege mmoja mkononi, Renita," alisema Earlene. "Hukumbuki bibi yako alivyokuwa akisema? Saini."

"Marlon angesaini?"

Swali lile halikuwa na ubaya wowote, lakini lilimchoma Earlene mahali pabichi. "Marlon hayupo," alisema. "Saini."

Renita akaitikia kwa kichwa. Alitazama mlango wa chumba cha Marlon, uliokuwa umefungwa, akakusanya madaftari yake.

Jumatano iliyofuata, siku mbili kabla ya saini, Earlene alirudi kazini na mikono imevimba kwa mvuke, akaketi kwenye meza ya chumba cha kulia na koti lake mwilini. Alitaka kuisoma barua. Hakuwa na sababu ya kuisoma, ila alitaka kuyaona maneno yenyewe, jinsi wakubwa wale wanavyokataa mtu. Aliifungua kwa kisu cha siagi.

Alisoma. Akasoma tena. Alijua kusoma vizuri, alimaliza Shule ya Sekondari ya Scott na cheti chake kilikuwa ukutani, lakini mara ya tatu aliweka kidole chini ya kila mstari kama mtoto.

Hawakumkataa. Waliandika kwamba hii siyo barua rasmi ya kumpokea, kwa kuwa barua hizo hutumwa Aprili kwa wote. Lakini waliandika kwamba kamati imesoma maombi yake kwa furaha kubwa. Kwamba huwaandikia hivi mapema wachache tu, wale ambao wanatarajia kabisa kuwapokea. Na kwamba, mradi aendelee na masomo yake kama alivyoanza, wanatumaini kumwandikia habari njema majira ya kuchipua. Chini, kwa wino wa mkono, mtu alikuwa ameongeza: *Ulichoandika kuhusu binamu yako tumekisoma wote mezani.*

Kile kilicholegea kifuani kilikaza mara moja, tena kwa nguvu kuliko mwanzo. Dalili. Mtoto aliomba dalili, na dalili ilikuwa imelala siku tisa juu ya vijitabu vya marehemu. Na aliwaandikia habari za Marlon. Alimchukua Marlon akampeleka kule mezani kwao, akafunguliwa mlango kwa jina lake.

Earlene hakuhitaji kufanya lolote. Hilo ndilo lililomtisha. Hakuhitaji kuchana wala kuchoma. Alihitaji kukaa kimya mpaka Ijumaa jioni, basi, na Renita angekwenda chuo cha mwendo wa saa moja na nusu, na mnara ule wa kengele ungebaki wa Marlon.

Akaitia barua mkobani, akavaa glavu zake nyeupe, akaenda kwenye ibada ya maombi.

Walikuwa watu ishirini hivi, makoti yamewekwa kwenye mabenchi ya nyuma, theluji ikiyeyuka chini ya viatu. Mchungaji Tolliver aliuliza nani ana haja ya kuombewa. Mmoja alisema goti. Mwingine alisema mtoto wake aliye jeshini. Kisha Maxine akasimama, nywele zake zimetengenezwa kama za bibi harusi, maana saluni yake aliitangaza kwa kichwa chake mwenyewe.

"Ninyi mnanijua sina haya," alisema, "basi nitaomba bila haya. Binti yangu anasaini chuo Ijumaa. Mimi nimemwambia asaini, lakini analia chooni akidhani simsikii. Nataka aombewe apate amani. Na nataka aombewe na dada yangu, kwa sababu yule mtoto amekua kwenye meza mbili, na meza ya dada yangu ndiyo iliyomfundisha kusoma."

"Amina," walisema watu.

Earlene alitoka mlangoni, akatembea mpaka mbele. Renita alikuwa amekaa safu ya pili, ameinamisha kichwa. Earlene aliweka mkono wenye glavu juu ya kichwa kile. Mkobani, kwenye mkono wake wa pili, aliihisi bahasha.

"Bwana," alianza. "Bwana, tunamleta mtoto huyu mbele zako. Wewe unajua… Bwana, unajua…"

Hakuna kilichotoka tena. Alijaribu. Alikuwa ameomba mbele za watu tangu ana miaka kumi na miwili, na maneno yalikuwa yakimjia kama maji ya bomba, na sasa bomba lilikauka. Mabega yakaanza kumtetemeka.

Wakaelewa, au walidhani wameelewa. Mama Tolliver ndiye aliyefika kwanza akamkumbatia, kisha wengine, mikono mingi, harufu ya manukato na ya sufu iliyolowa.

"Ni Marlon, jamani. Ni Marlon anamlilia."

"Wangemaliza pamoja, wale watoto."

"Lia, Dada Earlene. Lia tu. Mungu anaona."

Naye aliwaacha waamini hivyo. Hilo ndilo lililomkaa moyoni kuliko barua, alipokuwa akitembea kurudi nyumbani kwenye theluji. Kijana wa watu, ambaye katika maisha yake yote hakumficha binamu yake hata jibu la hesabu, jina lake lilikuwa limetandikwa juu ya uovu wa mama yake kama shuka safi, na mama yake ndiye mpiga pasi.

Alhamisi Renita aliingia, akakung'uta viatu, akanusa hewa. Hakukuwa na kitu jikoni. Mezani palikuwa na bahasha, basi.

"Yako," alisema Earlene. Alikuwa amesimama.

Renita aliona nembo ya chuo. Aliiona ilivyo nyembamba, na uso wake ukashuka. Kisha akaona imefunguliwa. Akatoa karatasi akasoma. Hakupiga kelele. Aliketi polepole bila kutazama kiti kiko wapi.

"Umeifungua wewe?"

"Jana."

"Imekuja lini?"

Muhuri wa posta ulikuwa pale kwa yeyote mwenye macho. "Jumatatu ya wiki iliyopita," alisema Earlene.

Renita alihesabu. Earlene alimwona akihesabu, akiipitia Jumanne ya makaroni, na Alhamisi ya kalamu inayozunguka mezani.

"Uliponiambia nisaini, ilikuwa humu ndani?"

"Kwenye droo nyuma yako. Nilidhani wamekukataa. Ilikuwa nyembamba."

"Na jana kanisani, uliponiwekea mkono?"

"Jana nilikuwa nimeshajua."

Renita aliiweka karatasi mezani.

"Kwa nini, Mama Mkubwa?"

Earlene alikuwa ametayarisha maneno, na yote yalikuwa na neno huzuni ndani yake. Hakuyatumia. "Nilikuonea wivu," alisema. "Tangu siku ya mazishi. Ulikuwa umevaa viatu vipya, nikakuonea wivu una miguu. Siwezi kukueleza vizuri kuliko hivyo."

Renita aliikunja barua, akaitia ndani ya koti, upande wa kifua. Mlangoni aligeuka kama mwenye neno, akakosa, akaenda.

Maxine hakukosa neno. Alifika kabla ya jua kuzama, na kichwa kimoja cha mteja kikiwa kimeachwa na dawa nusu.

"Siku kumi," alisema. Hakuvuka kizingiti. "Mwanangu alikuwa analia chooni, na wewe unamkaangia kuku. Mimi ningekupa hata figo, Earlene. Siku Marlon anaumwa si nililala sakafuni pale hospitali? Ulinikuta nimelala wapi?"

"Sakafuni."

"Basi jua hivyo." Akashuka ngazi, akageuka. "Barua zitaendelea kuja hapa kwa sababu sina jinsi. Lakini mwanangu hatakula kwako."

Renita hakusaini Ijumaa. Alingoja. Jumanne na Alhamisi alikuja, akachukua barua zake mlangoni na koti likiwa limefungwa vifungo vyote, akasema asante, akaondoka. Kanisani Earlene alimtafuta Mchungaji Tolliver ofisini akamweleza yote, kisha akamkabidhi glavu zake. Mchungaji alizitia kwenye mtoto wa meza, akasema zitakuwa pale. Sasa alikaa benchi la katikati kama watu wengine, na kutoka hapo ubao haukuonekana.

Ikafika Aprili. Earlene alikuwa jikoni na soksi miguuni, saa nane na dakika kumi, kifuniko kilipogonga ukuta. Safari hii kiligonga na hakikufunga, kwa sababu kilichokuwa ndani hakikuenea.

Aliitoa kwa mikono miwili. Ilikuwa nene kama Biblia ya mfukoni. Alisimama nayo barazani, na wivu ukaja, ule ule, haujazeeka hata siku moja. Alimwona Marlon akiichana pembeni kwa meno, kama alivyokuwa akichana kila kitu.

"Haya," aliuambia wivu ule, kwa sauti ya kawaida. "Twende wote."

Hakurudi ndani kutafuta koti. Alivaa viatu vya bustani vilivyokuwa mlangoni, akashika njia: mitaa kumi na moja, mvua ya theluji ikimpiga, bahasha ameifungia chini ya sweta. Alivuka reli. Watu waliokuwa kituoni walimtazama.

Ndani ya saluni ya Maxine palikuwa na wanawake wanne, wawili chini ya mashine za kukaushia. Wote walikuwa wameshasikia habari. Mashine zikazimwa bila mtu kuambiwa. Renita alikuwa anafagia nywele. Earlene alitoa bahasha, akampa yeye, si mama yake. Haikuwa na hata kona iliyolowa.

"Imekuja saa nane na dakika kumi," alisema, akihema.

Maxine alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa nane na dakika thelathini na mbili. Alimtazama dada yake kuanzia viatu vya bustani mpaka kichwani, ambako theluji ilikuwa ikiyeyuka na kumchuruzika masikioni. Renita alikuwa ameshaichana bahasha kwa meno, na fomu za bweni zikamwagika kwenye nywele zilizofagiwa.

"Kaa pale," Maxine alimwambia Earlene, akionyesha kwa kitana kiti cha kuoshea nywele. "Kichwa kimekuwa kama kiota. Utaniharibia biashara ukisimama mlangoni namna hiyo."